Majira ya Joto ya Mwisho: Safari za Mwanafunzi Kabla ya Kuiaga Ulaya

Katika vyuo vikuu vingi vya Ujerumani, muhula wa majira ya joto huanza tarehe 1 Aprili na kufungwa tarehe 30 Septemba, ila mihadhara hukoma katikati ya Julai. Baada ya hapo hubaki takriban miezi miwili na nusu isiyo na vipindi vya darasani. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyetoka Afrika Mashariki, akiwa mwaka wake wa mwisho, huutumia muda huo kumalizia tasnifu. Ndio pia muda wake wa mwisho wa kulizunguka bara ambalo, kwa miaka miwili, amelijua zaidi kwa bweni, maktaba na ghala anakofanyia kibarua.

Wengi huiahirisha safari hiyo wakijiambia kwamba Ulaya haihami, watarudi siku moja wakiwa na kazi na fedha. Wanachosahau ni kibali. Mwanafunzi ana kadi ya ukaazi inayomwezesha kuingia nchi nyingi bila viza, mara nyingi ana umri unaompa nauli ya vijana, na ana kitambulisho cha chuo kinachompunguzia viingilio. Akisharudi nyumbani, safari ileile huanza upya kwenye foleni ya ubalozi. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi hata ombi likikataliwa. Juu yake zinatakiwa taarifa za benki, bima ya safari na ushahidi kwamba mwombaji atarejea kwao. Kwa Mtanzania, Mkenya au Mganda, basi, majira ya joto ya mwisho ni nafasi isiyojirudia kirahisi, na inastahili kupangwa kwa makini kama tasnifu yenyewe.

Kadi na mipaka

Msingi wa urahisi huo uliwekwa tarehe 14 Juni 1985 ndani ya meli Princesse Marie-Astrid, kwenye mto Mosel, katika kijiji cha Schengen nchini Luxembourg. Hapo ndipo mipaka ya Luxembourg, Ufaransa na Ujerumani inapokutana. Nchi tano, yaani hizo tatu pamoja na Ubelgiji na Uholanzi, zilitia saini mkataba wa kuondoa ukaguzi kwenye mipaka baina yao, na utekelezaji ukaanza tarehe 26 Machi 1995. Leo eneo la Schengen lina nchi 29. Kroatia iliingia mwaka 2023, na Bulgaria na Romania zikakamilisha safari yao tarehe 1 Januari 2025, ukaguzi wa nchi kavu ulipoondolewa. Uswisi, Norwei, Iceland na Liechtenstein zimo pia, ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya.

Mtu mwenye kadi ya ukaazi ya nchi mojawapo kati ya hizo anaruhusiwa kuzitembelea nyingine kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, mradi pasi yake ya kusafiria na kadi vyote viwe hai. Siku anazokaa katika nchi iliyompa kibali hazihesabiwi. Ruhusa hiyo ni ya matembezi tu: mwanafunzi wa Ujerumani hawezi kushuka Amsterdam akaanza kuosha vyombo mgahawani kwa sababu kadi yake inamruhusu kufanya kibarua Leipzig.

Mambo matatu huwakwamisha wanafunzi wengi. La kwanza ni kudhani kwamba Ulaya yote ni Schengen. Uingereza na Jamhuri ya Ireland zina viza zao. Anayetamani kuuona mji wa Edinburgh, alikosoma Mwalimu Julius Nyerere kati ya mwaka 1949 na 1952, lazima aombe viza ya Uingereza wiki nyingi kabla, hata kama tiketi ya treni kutoka Paris hadi London inauzwa mtandaoni kama tiketi nyingine yoyote.

La pili ni kuacha pasi chumbani kwa kuogopa kuipoteza. Nchi za Schengen zinaweza kurudisha ukaguzi kwa muda, na Ujerumani iliurudisha kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu tarehe 16 Septemba 2024. Treni inayotoka Praha kwenda Dresden ikishavuka mpaka, polisi wanaweza kupita behewa kwa behewa wakiomba hati. Pasi na kadi halisi ndizo zinazotakiwa. Picha iliyohifadhiwa kwenye simu inasaidia hati zikipotea, lakini haichukui nafasi yake.

La tatu ni tarehe ya mwisho ya kadi. Vibali vya masomo mara nyingi huisha karibu na mwisho wa muhula, na miadi ya kuongeza muda katika ofisi ya wageni huweza kuchukua wiki au miezi kupatikana. Mwenye kadi inayoisha Agosti hana budi kuuliza mapema kwa maandishi kama hati ya muda atakayopewa inamruhusu kutoka nje ya nchi na kurudi. Jibu hutegemea aina ya hati, na kosa hapa linaweza kumwacha mtu upande usio wake wa mpaka huku tasnifu ikimsubiri.

Nauli

Tiketi ya Interrail ilianza mwaka 1972, Umoja wa Kimataifa wa Reli ulipoadhimisha miaka 50 tangu kuundwa. Ilikusudiwa vijana wasiozidi miaka 21 na ilitumika katika nchi 21. Ilipendwa kiasi kwamba haikuondolewa tena, na sasa inatumika katika nchi 33 na haina ukomo wa umri, ingawa walio na miaka 27 au chini hulipa nauli ya vijana. Watalii wanaotoka mabara mengine huuziwa tiketi pacha iitwayo Eurail. Kigezo ni makazi, si uraia peke yake: Mtanzania anayeishi Ujerumani kwa kibali ni mkazi wa Ulaya, kwa hiyo tiketi yake ni Interrail. Akinunua Eurail kwa kuangalia pasi yake tu, atakuwa amenunua tiketi isiyomhusu.

Tiketi hiyo huuzwa kwa idadi ya siku za kusafiri. Anayechukua siku saba ndani ya mwezi mmoja anaweza kupanda treni nyingi apendavyo katika kila siku aliyoichagua, tangu saa sita usiku hadi saa sita usiku inayofuata. Treni ya usiku inayoondoka jioni na kufika asubuhi hutumia siku moja tu, ile ya kuondoka. Ndani ya nchi anayoishi, mkazi hupewa safari moja ya kutoka na moja ya kurudi, kwa hiyo tiketi hii haifai kuzungukia Ujerumani. Nchini Ujerumani na Austria treni nyingi za mchana hazihitaji kuwekewa kiti mapema. Treni za kasi za Ufaransa, Italia na Hispania zinahitaji, kwa malipo ya ziada, na nafasi zilizotengewa wenye Interrail huisha haraka mwezi Julai na Agosti. Mwenye fedha kidogo huona tofauti hiyo mara moja anapolinganisha njia ya kuelekea mashariki na ile ya kuelekea kusini.

Kwa ndani ya Ujerumani ipo Deutschlandticket, tiketi ya mwezi inayotumika kwenye treni zote za mikoa, tramu, treni za chini ya ardhi na mabasi ya mijini. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda hadi euro 58 Januari 2025, kisha euro 63 mwaka 2026. Vyuo vingi vimeiingiza kwenye ada ya muhula kwa bei ya chini, hivyo mwanafunzi huwa tayari anayo mfukoni. Haikubaliki kwenye treni za mwendokasi, na safari inayochukua saa nne kwa treni hizo inaweza kula siku nzima kwa treni za mikoa. Lakini inafika mbali: inakubalika hata kwenye treni ya mkoa ya kwenda Salzburg, ng'ambo ya mpaka wa Austria. Kule Luxembourg nauli ya daraja la kawaida imefutwa nchi nzima tangu tarehe 29 Februari 2020. Kijiji cha Schengen, kwa mfano, kinafikika kwa kuvuka daraja kwa miguu kutoka mji wa Perl upande wa Ujerumani, na kutoka hapo basi la kwenda Jiji la Luxembourg ni la bure.

Pa kulala, chakula na afya

Hosteli za vijana ni mazao ya Ujerumani hiyohiyo. Mwalimu wa shule Richard Schirrmann alikuwa akisafiri kwa miguu na wanafunzi wake mwaka 1909 walipokutwa na mvua ya dhoruba, wakajihifadhi usiku ndani ya jengo la shule. Hapo akapata wazo la nyumba za bei ndogo kwa vijana wasafiri, na hosteli ya kwanza ya kudumu ilifunguliwa mwaka 1912 katika ngome ya Altena. Vyumba vya kwanza vyenye vitanda vya mbao vya ghorofa vimehifadhiwa kama makumbusho. Hosteli za leo, za mashirika na za binafsi, hufuata mtindo uleule: kitanda katika chumba cha watu wanne hadi kumi na wawili, bafu la pamoja, na mara nyingi jiko. Kufuli dogo la kufungia kabati na taulo ni vitu vya kubeba, kwani hosteli nyingi huvikodisha kwa malipo.

Jiko hilo ndilo linalookoa bajeti. Mchele, dengu, nyanya na kitunguu vya dukani hulisha watu wawili kwa bei ya sahani moja ya mgahawani. Maduka ya Ujerumani na Austria hufungwa Jumapili, isipokuwa yaliyo ndani ya vituo vikubwa vya treni, kwa hiyo mahitaji ya Jumapili hununuliwa Jumamosi. Maji ya bomba ni salama karibu kila mahali katika njia hizi. Ya Vienna hutoka kwenye chemchemi za milima ya Alpi kupitia mfereji uliofunguliwa mwaka 1873, na mabomba ya kunywea yametawanyika mjini.

Wapo pia wenyeji. Wanafunzi wa Afrika Mashariki walioko miji mbalimbali hupokeana, na godoro sakafuni kwa mtu wa nyumbani limewasafirisha wengi. Ukarimu huo una mipaka yake. Chumba cha bweni ni kidogo, mabweni mengi yana kanuni kuhusu wageni wanaolala, na mwenyeji naye ana mitihani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msafiri muungwana hupika, hufagia na huaga mapema.

Kuhusu afya, mwanafunzi aliye katika bima ya umma ya Ujerumani ana kadi ya bima ya Ulaya nyuma ya kadi yake ya kawaida. Inamwezesha kutibiwa katika nchi za Umoja wa Ulaya akipatwa na dharura. Asiye raia wa Ulaya, hata hivyo, hawezi kuitumia Denmaki, Norwei, Iceland, Liechtenstein wala Uswisi. Anayekwenda huko anahitaji bima ndogo ya safari, na aliye katika bima ya binafsi anapaswa kusoma mkataba wake kabla ya kuondoka.

Kuchagua njia

Safari yenye miji kumi kwa siku kumi humwachia mtu picha za makanisa yanayofanana. Afadhali iwe na swali la kuifuatilia, na kwa mtu wa Afrika Mashariki maswali hayako mbali. Mfano mmoja ni njia ya kutoka Leipzig kwenda Berlin, Praha, Vienna na Budapest, kisha kurudi kupitia Salzburg.

Kabla hata ya kuondoka, treni ya mkoa huchukua nusu saa hivi kutoka Leipzig hadi Halle. Katika karne ya 18 alisoma na kufundisha hapo Anton Wilhelm Amo, mwanafalsafa aliyezaliwa karibu na Axim, katika Ghana ya leo. Mwanafunzi Mwafrika anayedhani yumo katika kizazi cha kwanza hujikuta amepishana na mtangulizi wake kwa karibu miaka 300.

Berlin ina mzigo mzito zaidi. Katika Makumbusho ya Elimu Viumbe, mtaa wa Invalidenstraße, ukumbi wa kwanza baada ya mlango una mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, Lindi. Jina lake la kisayansi ni Giraffatitan brancai. Aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita, na amesimamishwa kwa urefu wa mita 13.27, kiasi kwamba anayesimama chini ya mbavu zake hulazimika kukunja shingo nyuma ili akione kichwa. Mifupa ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa ukoloni wa Wajerumani, na mamia ya vibarua wa eneo lile wakiongozwa na msimamizi Boheti bin Amrani. Walifukua, wakafunga kwa plasta na mianzi, kisha wapagazi wakabeba vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Jumla ya mzigo uliosafirishwa ilikuwa takriban tani 230. Mtanzania aliyesoma habari hizo kwenye kitabu cha shule huelewa ukubwa wake akiwa amesimama pale, na mjadala kuhusu nani anafaidika na mifupa hiyo huacha kuwa wa mbali. Umbali mfupi kutoka hapo, mtaa wa Wilhelmstraße, kuna bango linaloonyesha mahali pa jumba ulimofanyika Mkutano wa Berlin, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Jumba lenyewe halipo tena.

Treni ya Berlin kwenda Praha huchukua zaidi kidogo ya saa nne. Baada ya Dresden hufuata mto Elbe katikati ya majabali, na anayeketi upande wa kushoto ndiye anayeuona mto. Chuo Kikuu cha Praha kilianzishwa mwaka 1348 na cha Vienna mwaka 1365, kabla ya vile vya Ujerumani ambavyo wengi hudhani ni vya kale kuliko vyote. Vienna pia ni mojawapo ya miji minne yenye ofisi kuu za Umoja wa Mataifa, pamoja na New York, Geneva na Nairobi. Ofisi hizo hupokea wageni kwa ziara za kuongozwa, jambo lenye faida kwa anayefikiria kazi katika mashirika ya kimataifa. Budapest ina njia ya treni ya chini ya ardhi iliyofunguliwa mwaka 1896, ambayo bado inabeba abiria kila siku.

Anayependa magharibi anaweza kwenda Lisbon. Vasco da Gama, aliyefika Malindi mwaka 1498, amezikwa huko katika monasteri ya Jerónimos. Akipitia Paris, kadi ya ukaazi itamfaa kwa namna nyingine: mkazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya aliye chini ya miaka 26 huingia Louvre bure, hata kama si raia wa Ulaya, mradi aonyeshe kadi yake na awe ameweka nafasi mtandaoni. Anayependa lugha atakuta Kiswahili kinafundishwa Leiden, Naples, Paris, Hamburg, Leipzig na Bayreuth. Likizo si wakati mzuri wa kukuta mihadhara, lakini maktaba za idara hizo huwa na magazeti na hati za zamani ambazo ni vigumu kuzipata Dar es Salaam au Mombasa.

Kuiandika safari

Kuandika safari za Ulaya kwa Kiswahili si jambo geni. Mwaka 1901, Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, alichapisha kitabu Safari za Wasuaheli mjini Göttingen. Ndani yake mna maelezo ya Amur bin Nasur, Mzanzibari aliyefundisha Kiswahili Berlin, kuhusu maisha ya mji ule. Mna pia habari za Selim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Waandishi hao walitazama watu wa Ulaya kwa macho ya pwani, wakaeleza vyakula, nguo, baridi na ibada kwa wasomaji ambao hawangefika huko kamwe.

Mwanafunzi wa leo ana simu iliyojaa picha, lakini picha haisemi nauli ilikuwa kiasi gani, mazungumzo ya ndani ya behewa yalihusu nini, wala kwa nini mtaa fulani ulimshangaza. Kurasa mbili kila jioni zinatosha. Baadaye zitamfaa katika barua za kuomba kazi, makala ya gazeti au darasa atakalofundisha, na zitawasaidia wadogo zake watakaofuata njia hiyo.

Hesabu za kuondoka

Safari hii ina utaratibu wake ambao huanza kabla ya kupanda treni. Kwa mkataba wa kawaida wa nyumba nchini Ujerumani, notisi ya mpangaji ni miezi mitatu. Anayetaka kuondoka tarehe 30 Septemba lazima barua yake imfikie mwenye nyumba ifikapo siku ya tatu ya kazi ya mwezi Julai. Mabweni huwa na tarehe zao, na nazo husomwa kwenye mkataba. Anayesafiri Julai bila kutoa notisi hulipa kodi ya chumba ambacho hayumo, na fedha hiyo ndiyo ambayo ingemnunulia tiketi. Amana ya pango, ambayo kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za huduma, hurudishwa baada ya chumba kukaguliwa, mara nyingi wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo akaunti ya benki haifai kufungwa kabla ya fedha hiyo kuingia.

Tasnifu nayo ipewe nafasi yake. Mpangilio unaowafaa wengi ni kumpa msimamizi rasimu kamili mwishoni mwa Julai, kusafiri wiki mbili au tatu za Agosti wakati anaisoma, kisha kurudi kufanya masahihisho Septemba. Wasimamizi wengi nao huwa likizoni Agosti, hivyo ucheleweshaji unaotokana na safari huwa mdogo. Nakala za kazi zihifadhiwe mahali pawili mbali na kompyuta inayosafiri.

Anayerudi nyumbani moja kwa moja hujiondoa kwenye daftari la wakazi katika ofisi ya mtaa. Anaweza kufanya hivyo kuanzia wiki moja kabla ya kuhama hadi wiki mbili baada yake. Cheti anachopewa ndicho kinachotumika kusitisha bima ya afya, mkataba wa simu na ada ya utangazaji ya euro 18.36 kwa mwezi, ambayo huendelea kudaiwa kwa kila nyumba isiyofutwa. Vitabu vizito hutumwa kwa posta au kwa mizigo ya meli ambayo Watanzania na Wakenya wa miji mikubwa huchangia kontena.

Anayetaka kubaki ana njia pia. Sheria ya Ujerumani humpa mhitimu wa chuo cha nchini humo kibali cha hadi miezi 18 cha kutafuta kazi inayolingana na elimu yake, mradi aombe kabla kibali cha masomo hakijaisha na aweze kuonyesha fedha za kujikimu. Huyo majira yake ya joto ya mwisho kama mwanafunzi hayatakuwa ya mwisho Ulaya, lakini nauli ya vijana, kitambulisho cha chuo na wiki za Agosti zisizo na mwajiri vitakuwa vimekwisha. Naye pia atafanya vema akisafiri sasa.